Kilichofichwa Tumboni mwa Piano

Chekundu!

Ndiyo, wapenzi wasomaji, hapo ndipo tulipoachana wiki iliyopita. Fundi Taratibu kaweka kiganja ubavuni mwa kasha, na kile kibandiko kidogo alichokibandika asubuhi kikiwa cheupe kabisa, sasa ni chekundu. Kwa asiyejua, kibandiko kile hakina upendeleo. Kasha likigongwa au likiangushwa, kinageuka rangi, na hakirudi tena kuwa cheupe hata ukipigie magoti.

Na ndani ya kasha lile mlikuwa na piano ya mkewe.

"Nani kaliangusha?" Taratibu aliuliza.

"Hakuna aliyeliangusha," akajibu dereva wa foklifti, yule mnayemjua kwa jina la Breki. "Naapa kwa mama yangu mzazi."

"Breki."

"Sijaliangusha!"

"Breki, nitazame usoni."

Breki akatazama viatu vyake. "Nilifunga breki," akasema. "Lori lilirudi nyuma ghafla, nikafunga. Kasha likayumba, likajigonga kwenye nguzo. Kidogo tu, kaka. Kidogo sana."

Najua, wapo mlionitumia ujumbe wiki nzima mkitaka Breki amwage unga. Tulieni. Mkimaliza kusoma leo mtaamua wenyewe kama mumlaani au mumpe mkono. Mimi bado sijaamua.

Kwa anayejiunga nasi leo, asipotee: Taratibu ni fundi wa kufunga mizigo inayovunjika. Wamemwita Taratibu kwa sababu hilo ndilo neno analowapigia kelele wapakizi kutwa nzima. Amesafirisha ng'ambo vioo, sanamu na mashine za maabara, lakini sifa yake kubwa ni ala za muziki, vile vitu vizito kama ng'ombe ambavyo huvunjika kama yai. Mkewe ni mwalimu wa muziki, na ghala zima linamwita Mwalimu. Kapata kazi ng'ambo, ya mwaka mmoja, na ndege yake ni leo jioni. Piano aliyoachiwa na marehemu baba yake inaondoka leo hii hii kwa meli. Taratibu na binti yao wa miaka saba, Chiriku, wanabaki nyumbani kumsubiri.

Hivyo ndivyo Taratibu alivyojua.

"Sasa tunapakia au hatupakii?" Breki akauliza. "Kontena linafungwa leo. Tukichelewa hapa, meli inaondoka bila hili kasha."

"Tunafungua."

"Kaka!"

"Nimesema tunafungua. Lete bisibisi."

Taratibu hapigi misumari. Msumari unataka nyundo, na nyundo inatikisa. Yeye hufunga kwa skrubu, moja moja, kwa mkono, na sasa akazifungua vivyo hivyo. Ubao wa mbele ukatoka. Sponji ikatoka. Blanketi likatoka. Piano ikabaki wazi mbele yao, nyeusi, inang'aa, haina hata mkwaruzo.

"Ashukuriwe Mungu," Breki akasema. "Si nilikwambia? Kidogo tu."

 Taratibu akafunua kifuniko, akabonyeza sauti ya juu. Ikalia vizuri. Akabonyeza ya katikati. Ikalia vizuri. Akabonyeza ya chini kabisa, ya mkono wa kushoto, ambayo Chiriku huiita simba.

Simba hakunguruma. Ilisikika dup, kama mtu kagonga gunia la nafaka.

"Imepasuka," Breki akanong'ona.

"Haijapasuka. Kuna kitu kinagusa nyuzi."

Na hapo uso wa Taratibu ukalegea, karibu acheke. Katika kazi yao ipo sheria moja asiyokubali ivunjwe: hakuna kinachosafiri tumboni mwa piano. Kila mteja hudhani yeye ndiye wa kwanza kugundua kwamba kule chini, nyuma ya ubao wa magotini, pana nafasi tupu. Basi anashindilia mashuka, viatu, vitabu, chochote. Meli ikianza kuyumba baharini, vitu vile vinacheza huko ndani mpaka vinakata nyuzi. Ndiyo maana Taratibu hukagua tumbo la kila piano kabla ya kuifunga.

Hii hakuikagua. Jana mkewe alimwomba amwachie chumba peke yake, aiage piano ya baba yake. Taratibu akafunga mlango, akasimama nje kama askari ili mtu asimsumbue. Alimsikia akilia mle ndani, na yeye huku nje machozi yakamlengalenga. Mkewe alipotoka, Taratibu aliifunga piano bila kuuliza swali hata moja. Utaanzaje kumkagua mkeo?

"Mwalimu naye!" akasema, akitikisa kichwa. "Miaka yote hii namwambia, na yeye kafanya kama wateja."

Akautoa ubao wa chini. Furushi likamwangukia miguuni.

Lilikuwa shuka lililopigwa fundo. Akalifungua. Juu palikuwa na koti dogo la sufu, jekundu, la kuvaa kwenye baridi kali. Taratibu akalishika mabegani, akalinyanyua. Mikono yake imezoea kupima vitu, haikuhitaji kuuliza.

"Hili ni la Chiriku," akasema.

"Labda shemeji kamnunulia zawadi," Breki akadakia, haraka mno.

Chini ya koti lile kulikuwa na jingine la namna ileile, kubwa kidogo, la kumfaa mwakani. Chini ya hilo kulikuwa na la tatu, la msichana anayekaribia kumfika mama yake mabegani. Kulikuwa na viatu vya baridi, jozi kadhaa, kila moja ikiizidi nyenzake ukubwa. Kulikuwa na soksi nene. Na katikati ya soksi, imeviringishwa kwenye fulana, ilikuwamo doli ya Chiriku, ile ambayo juzi na jana baba mtu alikuwa akiitafuta chini ya vitanda huku mtoto akilia kwamba imepotea.

 Akakaa palepale sakafuni, koti dogo mapajani.

Sasa nataka mjue jambo moja, ili muone mtu huyu alivyopatikana. Wakati wa chai, Taratibu ndiye aliyekuwa akiwachekesha wenzake kwa kuwasoma wateja. "Wa kurudi huacha vitu," alikuwa akisema. "Asiyerudi hufungasha mpaka ndoano za pazia. Mkiona ndoano za pazia kwenye mzigo, jueni hao wameshaaga." Na hakuwa akikosea. Aliwahi kujua kwamba bwana mmoja anamwacha mkewe kabla mke mwenyewe hajashtuka, kwa kuona tu bwana yule kafungasha kikombe kimoja.

Mtu huyohuyo alifunga piano nzima ya mkewe kwa mikono yake mwenyewe, tena kwa mbao alizozichagua moja moja, akaamini ni safari ya mwaka mmoja.

"Ulijua?" akamuuliza Breki.

Breki akaokota skrubu moja sakafuni.

"Nakuuliza, ulijua?"

"Haya makoti sikuyajua. Naapa, na safari hii naapa kweli." Breki akachuchumaa karibu yake. "Lakini kaka, nani anasafirisha piano kwa ajili ya mwaka mmoja? Ifike, itulie, halafu muda wa kuirudisha umeshafika? Ghala zima tulijua kwamba shemeji harudi. Tukadhani na wewe unajua, unajikaza kiume tu. Tukaambiana, jamani, tusimtoneshe kidonda."

Taratibu akaficha uso kwenye lile koti. Lilikuwa bado na harufu ya duka, kwa kuwa mtoto hajawahi kulivaa. Akalia, mtu mzima, mchana kweupe, na wapakizi waliokuwa wakipita wakabadilisha njia.

Hakuwa amemaliza kulia teksi iliposimama langoni.

Mwalimu alishuka peke yake. Chiriku alibaki kiti cha nyuma akipunga mikono yote miwili, mdomo ukimwenda ingawa kioo kilikuwa kimefungwa na hakuna aliyemsikia. Mtoto yule hajapewa jina la Chiriku bure.

"Baba Chiriku, mbona hujabadilisha nguo? Uwanjani wanataka tuwahi..."

Akaliona furushi. Mkoba ukamteleza begani.

Breki akakohoa. "Shemeji, karibu. Mimi nakwenda kuangalia mafuta." Foklifti ile inatumia betri, lakini hakuna aliyemsahihisha.

Wakabaki wawili, na piano katikati yao.

"Nilitaka kukwambia," Mwalimu akasema.

"Lini?"

"Leo."

"Leo saa ngapi? Leo wapi?"

Mwalimu ana mabaya yake, lakini akibanwa hasemi uongo. "Uwanjani," akasema. "Mtoto hatoki nchini na mzazi mmoja mpaka yule wa pili asimame mbele ya afisa, akubali kwa mdomo wake. Ningekwambia palepale."

"Mtoto akisikia."

"Ndiyo."

"Ili nishindwe kukataa."

"Ndiyo."

Mimi ninayewaandikia nilitamani ampigie kelele, ghala lote lisikie. Hakupiga. Alilikunja koti dogo vizuri, mkono juu ya mkono.

"Mama Chiriku, nimekukosea nini?"

"Umenichelewesha," mkewe akasema, na machozi yakaanza kumtoka. "Waliponiita mara ya kwanza nilikwambia twende wote. Ukasema taratibu. Wakaniita mara ya pili, nikakwambia twende wote. Ukasema taratibu, mke wangu, tujipange kwanza. Safari hii sikukwambia twende wote. Hata hilo hukuliona?"

Hakuwa ameliona.

"Huko mimi nitafunga makasha ya nani?"

"Watu wanahama dunia nzima, Baba Chiriku. Huko nako wanahama."

Taratibu akasema neno ambalo hakuwahi kulitamka tangu waoane. "Naogopa. Nimewafungia watu wengi mizigo. Wote nimewaona walivyoondoka. Sijamwona hata mmoja alivyofika."

Mwalimu akaweka mkono mdomoni. "Kwa nini hukuniambia hilo?" Akamsogelea. "Miaka yote nakungoja uniambie hilo, wewe unaniambia tujipange!"

"Ungebaki?"

"Sijui. Ningekushika mkono kwanza. Sijui."

"Na nikisema hapana leo? Mbele ya huyo afisa?"

"Basi tutarudi nyumbani, mimi na yeye. Piano itakwenda peke yake. Na nitakuchukia." Alisema bila ukali, kama mtu anayetaja ugonjwa wake. "Si kwa kutaka. Nitajikuta tu nakuchukia, tutakuwa mezani tunakula, nakuchukia."

Honi ikalia nje. "Taratibu!" Breki akapaza sauti. "Wanafunga kontena! Kaka, ama sasa ama basi!"

Taratibu akainuka. Mwalimu akadhani anakwenda kumwambia Breki waiache piano, akamshika shati. Lakini fundi alikwenda kwenye rundo la mbao, akachukua kisanduku kitupu, akakiweka mbele ya makoti.

"Rudisha tu mle ndani," mkewe akasema. "Hakuna wakati."

"Hakuna kinachosafiri tumboni mwa piano."

Akapanga nguo kwenye kisanduku. Koti kubwa akaliweka chini, la katikati likafuata, na lile dogo akalilaza juu kabisa, kwa sababu ndilo litakalohitajika kwanza. Mwalimu alipouona mpango ule alishindwa kutazama, akageukia ukuta. Doli hakuiweka. Alimpa mkewe mkononi.

"Hii apande nayo. Bila hii halali."

Kisha akaifunga piano upya. Blanketi, sponji, ubao, skrubu. Hakuharakisha hata moja, na Breki, aliyekuwa akipiga honi kama mwendawazimu, alipofika na kumwona anavyofanya kazi machozi yakimchuruzika, akanyamaza na kumshikia tochi. Kibandiko kipya kikabandikwa. Kasha likanyanyuliwa pamoja na kile kisanduku, na hakuna aliyewahi kumwona Breki akiendesha polepole vile. Milango ya kontena ikafungwa kwa kishindo.

"Kwa hiyo umekubali?" Mwalimu akauliza.

"Nimefunga mzigo," Taratibu akasema. "Sijakubali kitu."

Ndani ya teksi hakuna aliyeongea ila Chiriku. Aliongea kuhusu mawingu, kuhusu choo cha ndege, kuhusu mtoto mmoja shuleni aliyesema huko kuna barafu barabarani. Alikaa katikati, doli ikiwa imerudi mikononi mwake, mkono mmoja juu ya goti la baba na mwingine juu ya goti la mama.

Uwanjani foleni ilikuwa ndefu, na bado Taratibu aliiona fupi. Wakafika mbele. Afisa alikuwa mama wa makamo mwenye miwani, muhuri mkononi.

"Wewe ndiye baba?"

"Ndiye mimi."

"Binti yako anaondoka na mama yake. Unakubali?"

Taratibu akamtazama mkewe. Aliyaona yale macho mezani, mwaka baada ya mwaka, yakimchukia bila kutaka. Akapiga moyo konde, akafungua mdomo.

Chiriku akamvuta suruali. "Sema ndiyo haraka, baba! Meli itakuacha!"

Afisa akainua miwani. "Meli gani, mwanangu?"

"Ya piano! Baba anakwenda na piano, aishike isianguke. Mama kaniambia asubuhi. Sisi tunapanda ndege kwa sababu mimi natapika. Tutafika kwanza, tumngoje. Eti mama?"

Mwalimu akafumba macho.

"Nitamwambia mwenyewe," akanong'ona kwa sauti ambayo ni mumewe tu aliyeisikia. "Tukishafika, akishazoea. Nakuomba, Baba Chiriku. Sema ndiyo tu."

Ni neno moja tu. Angelisema, na mtoto angeondoka akicheka. Lakini Taratibu alikuwa ameshaliona lile kasha likifunguliwa ng'ambo na fundi asiyemjua. Skrubu zinatoka. Ubao unatoka. Sponji, blanketi. Na Chiriku kasimama pembeni na koti lake jekundu, anasubiri baba atoke, anachungulia, anazunguka nyuma, anauliza watu.

Akapiga magoti, wakawa macho kwa macho.

"Chiriku, mimi siendi na meli."

Mtoto akacheka. "Si bado hujapanda!"

"Sipandi, mwanangu. Leo sipandi, na kesho sipandi. Piano inakwenda peke yake. Wewe na mama mnakwenda kwa ndege. Mimi nabaki hapa."

Mtoto aliyezaliwa akiongea akanyamaza. Alimtazama baba yake kwa muda, akimkagua uso kutafuta utani. Hakuuona. Akageuka.

"Mama, ulijua?"

Mwalimu akakaa juu ya sanduku lake, mbele ya foleni nzima, akajifunika uso kwa viganja. "Nilijua," akasema.

Kipaza sauti kikawaita abiria wa ndege ile kwa mara ya mwisho. Nyuma yao watu wakaanza kunung'unika. Afisa akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akauweka muhuri chini.

"Jamani," akasema kwa upole, "nani anasafiri hapa?"

Taratibu akamtazama mkewe. Mwalimu hakuondoa viganja usoni.

Chiriku akasogea mbele ya meza, hakumtazama baba wala mama. Akanyoosha mkono juu, kama anavyofanya darasani anapotaka kujibu, akasubiri aitwe.